Huu ama Ule?

Mwaka 1986 nilipewa darasa la tatu katika shule moja karibu na Kebirigo, kwetu Ugusii. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia na Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani, nami nikaja na maswali niliyotoka nayo chuoni. "Eleza jinsi ulivyoitumia likizo yako." Watoto walisimama, wakatazama vidole vya miguu, wakanyamaza. Mvulana mmoja alichelewa kila Jumatatu. Nilimwuliza kwa nini, asijibu, nikampigisha magoti mlangoni. Hadi leo naona haya.

Siku moja sokoni nilimkuta mamake na mikungu mitatu ya ndizi, mbele yake mchuuzi aliyekuja na lori kutoka Nairobi. Mama yule hakuwa na Kiswahili kingi; mimi na yeye tulisalimiana kwa Ekegusii tu. Lakini mchuuzi hakumwambia aeleze kitu. Aligusa mkungu. "Huu unauza?" Ndiyo. "Huu ama ule?" Ule. "Ishirini ama thelathini?" Mama akanyoosha mgongo. "Thelathini na tano." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Hii imekomaa sana." Ngeli ilipotea, ndizi zikauzwa. Nilibaki nimesimama pale na kikapu changu. Bei aliyoitaja haikuwa miongoni mwa zile mbili alizopewa.

Jumatatu nilimpokea mwanawe mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai.

"Ulichuma chai?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Peke yako ama na mama?"

"Na mama."

"Nani alipeleka kwa mizani?"

"Mimi. Gari ilichelewa. Mimi nilingoja, majani inakauka, mama analia."

Lile "kwa nini" langu lilikuwa limejibiwa, wala sikuliuliza tena.

Watoto wale walikuwa na sehemu kubwa ya Kiswahili tangu nyumbani. Kwa Ekegusii, omonto na abanto ni mtu na watu. Omote na emete ni mti na miti. Kilichowakwamisha ni neno kama "ulivyoitumia": nafsi, wakati, kirejeshi na kitendwa, vyote vimefungwa pamoja na kitenzi. Mtoto angali analifungua, mimi nimeshamwambia aketi. Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu cha Krashen na Terrell, kilichotoka Marekani mwaka 1983, nikakuta ngazi ile ile ya mchuuzi: swali la ndiyo au hapana, la kuchagua, la neno moja, halafu ndipo la maelezo.

Baadaye nilikosea upande wa pili. Msichana wa darasa la sita alinijibu "ndiyo", "hapana", "kesho" kwa mwaka mzima, nami nikamsifu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea raha ya maswali mepesi. Siku moja nikamwuliza, "Ungekuwa wewe chifu, barabara hii yetu ungeifanyaje?" Akaongea mpaka kengele ikalia. Alitaja mitaro, mawe, matatu zinazokwama kwenye matope, wagonjwa wanaobebwa. Maneno hayo hakuyapata siku ile. Alikuwa nayo, mimi ndiye niliyekuwa sijayaomba. Tangu hapo nikawa namwuliza kila mtoto swali moja lililomzidi kidogo, kila siku, na kumpa muda.

Kumpa muda ndiko kugumu. Mjukuu wangu amezaliwa Minnesota, kama watoto wengi wa Abagusii waliohamia huko. Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Desemba tulikaa jikoni tukichambua mboga za chinsaga. "Jani hili tunatupa ama tunapika?" "Pika." Siku ya tatu nikamwuliza, "Leo tuanze na nini?" Akanyamaza. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikalimeza, nikaendelea kuchambua.

"Tuanze na maji, Nyanya," akasema. "Mikono yako chafu."