Breki za Nyuma

Gari husifiwa kwa mwendo wake, lakini mwenye gari huokolewa na kusimama kwake. Watu wakikusanyika kulitazama gari jipya huuliza injini ina nguvu kiasi gani, na linakunywa mafuta mengi au machache; ni mara chache atokee mtu wa kuuliza linasimama vipi. Na akitokea, mawazo yake huenda kwenye breki za mbele. Breki za nyuma hazina msemaji. Zimekaa mahali pasipotazamwa, kazi yao ni ndogo kuliko ya zile za mbele, na sifa yao kubwa ni kutojulikana kama zipo. Hata hivyo, ni viungo vichache vya gari ambavyo kosa dogo ndani yake huzaa msiba mkubwa kama kosa la breki za nyuma.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Magari mengi ya kwanza yalifungwa breki katika magurudumu ya nyuma peke yake. Ford Model T, lililotengenezwa kutoka 1908 hadi 1927, lilikuwa na kanyagio lililozuia mwendo ndani ya gia, na mkono wa kuvuta uliokaza magurudumu ya nyuma. Ya mbele yaliachwa huru. Katika miaka ya 1920 breki za magurudumu manne zilienea, na tangu hapo madaraka ya kulisimamisha gari yalihamia mbele. Frederick Lanchester wa Uingereza alikuwa amekwisha kuandikisha hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini ulimwengu ulichelewa kuiamini. Mwaka 1953 Jaguar C-Type lenye diski katika magurudumu yote manne, likiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 100 kwa saa. Ushindi ule ulifundisha jambo lililoonekana kama kitendawili: dereva anayeziamini breki zake huchelewa kuzikanyaga, na anayechelewa kuzikanyaga hutangulia kufika.

Magurudumu ya mbele hayakupewa kazi kubwa kwa upendeleo, bali kwa sababu ya uzito. Gari likikanyagwa breki huinama mbele kama mtu aliyejikwaa. Chukua mfano wa gari la kilo 1400, ambalo likisimama hubeba kilo 812 mbele na 588 nyuma. Umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.5, na kitovu cha uzito wake kiko nusu mita juu ya ardhi. Breki ikikanyagwa kwa nguvu iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wa gari, mzigo wa kilo 224 huondoka nyuma ukaenda mbele. Mbele huwa na kilo 1036, na nyuma hubaki 364, yaani robo ya uzito wote na kidogo tu zaidi. Tairi lisilo na mzigo halishiki barabara sawasawa, na breki kali katika tairi jepesi hulikwamisha lisizunguke.

Hapo ndipo hatari mbili zinapoachana njia. Magurudumu ya mbele yakikwama kwanza, gari huteleza likielekea mbele na usukani huwa kiziwi. Ni balaa, lakini ni balaa inayotazamana na dereva uso kwa uso. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, mkia hutaka kukitangulia kichwa. Gari huzunguka, na dereva hujikuta anatazama alikotoka kabla hajajua limetokea nini. Ndiyo maana Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13-H, ihusuyo breki za magari madogo, hutaka gari lisilo na mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame lipimwe hivi kwamba ya mbele yafikie kikomo cha kushika barabara kabla ya ya nyuma. Mkia umewekewa kiasi chake kwa sheria.

Elimu hii ilimfikia kijana mmoja wa Dar es Salaam kwa mlango wa bei nafuu. Alikuwa karani wa benki, mwenye Subaru Impreza WRX la mwaka 2002 lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Alilipenda kwa mapenzi ambayo vijana wa zamani waliyaweka kwa farasi. Kila mwisho wa mwaka alimchukua mama yake kwenda Iringa kuwaona ndugu, na kurudi kwake kulikuwa ni kuteremka mlima Kitonga, pale ambapo barabara hujipinda ubavuni mwa genge na malori hushuka kwa mwendo wa kinyonga yakinuka breki zilizoungua. Siku moja, katika duka la spea zilizotumika mtaani Gerezani, aliona jozi ya kalipa za nyuma za Brembo, zenye rangi ya dhahabu, zilizofunguliwa kutoka Impreza WRX STI. Za mbele zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Zile za nyuma zilibaki yatima, na yatima hauzwi ghali. Kijana alilipa, akazitia katika gunia, akaenda Ilala kwa fundi wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba. Umebeba nini humo?"

Kijana alifungua gunia. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akazigeuza zile kalipa moja moja kama mtu anayechagua samaki, akatazama mipira ya pistoni na nyuzi za boliti. "Ni nzuri, tena si za bandia," alisema. "Na za mbele ziko wapi?"

"Zimeuzwa, mzee. Lakini za mbele za gari langu bado nzima."

"Basi unataka kuupa mkia nguvu, na kichwa ukiache kama kilivyo."

Kijana alijitetea kwa hesabu. Kalipa yake ya zamani ilikuwa na pistoni moja, na hii ina mbili. Basi nguvu itakuwa maradufu. Hesabu hiyo ni ya watu wengi, nayo ni mbovu. Kalipa ni koleo linaloibana diski kwa pedi mbili. Ile yenye pistoni moja husukuma pedi ya upande mmoja, na mwili wake huteleza ukaivuta pedi ya upande wa pili. Ile yenye pistoni mbili zinazotazamana haitelezi. Kila pistoni husukuma pedi yake. Mzee alimweleza kwa mfano wa kamba: watu wawili wakivutana, kamba haikazwi kwa nguvu ya wawili, hukazwa kwa nguvu ya mmoja ambaye mwenzake hakubali kuburutwa. Mafuta ya breki, kwa kanuni aliyoivumbua Blaise Pascal katika karne ya 17, husukuma kila milimita ya mraba kwa nguvu ile ile. Basi kinachohesabiwa ni eneo la upande mmoja. Pistoni moja yenye kipenyo cha milimita 38 ina eneo la milimita za mraba 1134. Pistoni mbili za milimita 36 zinazotazamana zina 1018 kila upande. Zenye wingi ndizo zenye ubano mdogo.

"Sasa ubora wake ni nini?" kijana aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Ubora upo, ila haupo katika idadi. Mwili wa kalipa ya namna ile ni mgumu, haupanuki unapokanyagwa, kwa hiyo mguu wa dereva hupata jibu la haraka na la kweli. Pedi zake hubanwa sawasawa. Tena diski yake ni kubwa: diski ya nyuma ya STI ina kipenyo cha milimita 316. Diski pana ni wenzo mrefu. Ubano ule ule hulizuia gurudumu kwa nguvu zaidi, na chuma kingi hubeba joto jingi kabla ya kulemewa. Lakini diski hiyo iliumbwa iwe rafiki wa diski ya mbele ya milimita 326 na kalipa ya pistoni nne. Ikifungwa peke yake nyuma ya breki za mbele zilizo dogo, mizani yote iliyopimwa kiwandani hupotea, na mtambo wa kugawa nguvu ya breki hupewa kazi ambayo hakuandaliwa nayo.

Palikuwa na shida nyingine isiyoonekana kwa macho. Ndani ya kitovu cha diski ya nyuma ya Subaru hilo mna ngoma ndogo ambamo breki ya mkono hufanya kazi. Gari la kijana lilikuwa na ngoma ya milimita 170, na diski ya STI ina ngoma ya milimita 190. Viatu vya breki vya ngoma ndogo vikitiwa ndani ya ngoma kubwa havifikii ukuta. Gari lingeweza kuzuiwa upesi, lakini lisingeweza kuachwa mlimani. Tena rimu zake za inchi 16 zisingezipisha kalipa zile. Zilihitajiwa za inchi 17.

Kijana alinyamaza. Alikuwa amekwisha kuona katika mawazo yake rangi ya dhahabu iking'aa nyuma ya rimu, na si rahisi kumwambia mtu auvunje mlango wa ndoto aliyoilipia fedha.

"Mama huwa anakaa kiti kipi mkienda Iringa?" mzee aliuliza.

"Cha nyuma. Hapendi kuiona barabara."

"Basi huo mkia unaotaka kuufanyia jaribio ndio kiti chake."

Kalipa zilikaa chini ya kitanda cha kijana miezi saba. Katika miezi hiyo alitafuta kalipa za mbele, diski nne, rimu, na bamba za nyuma zenye viatu vya milimita 190, moja baada ya moja, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Zilipotimia, mzee alizifunga kwa siku mbili. Alihakikisha kila kalipa imekaa upande wake, na chuchu ya kutolea hewa iko juu. Kwa maana hewa hupanda, na kalipa iliyofungwa kichwa chini huibakiza hewa ndani, na kanyagio huwa laini kama embe bovu. Alimwaga mafuta ya zamani akatia mapya ya DOT 4. Mafuta hayo yakiwa makavu huchemka kwa digrii zisizopungua 230, lakini hunywa unyevu wa hewa, na yakisha kulowa kipimo chake cha chini ni digrii 155. Kwa hiyo katika mji wa pwani breki njema huharibiwa na mafuta yaliyosahauliwa. Mwisho alimwagiza kijana azizoeshe pedi kwa diski: apunguze mwendo mara nyingi, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo, bila kusimama kabisa, kisha aziache zipoe.

Mwisho wa mwaka gari liliteremka Kitonga kwa gia ndogo, kanyagio likiguswa kwa kiasi na kuachwa. Halikunuka wala halikuyumba. Mama alilala usingizi kutoka juu ya mlima mpaka Ruaha Mbuyuni, na hakujua kwamba chini yake palikuwa na kitu kilichogharimu miezi saba. Kazi ya breki za nyuma haina shahidi aliye bora kuliko abiria aliyelala.

Wako watu wanaodhani kwamba kuboresha ni kuongeza. Gari hukanusha dhana hiyo kwa ukali, maana adhabu yake haicheleweshwi. Kitu chema kilichotolewa katika ushirika wake na kutiwa katika ushirika usio wake hugeuka kuwa adui bila ya kubadilika hata kidogo. Kalipa zile hazikuwa mbaya zilipokuwa peke yake katika gunia, wala hazikuongezewa wema zilipopata wenzi wake. Kilichoongezeka ni kipimo. Nguvu ya nyuma iliyo njema ni ile inayojua kiasi cha nguvu ya mbele.