Mandari ya Jamaa Moja Juu ya Mlima Kenya

Mtu akaaye karibu na mlima huuona kila siku, na kwa sababu hiyo husahau kuutazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa moja ya mjini Embu. Baba ni fundi wa motokaa, mama ni mwalimu wa skuli ya msingi, na watoto wao ni watatu. Pamoja nao anakaa nyanya, mamaye baba, aliyezaliwa mwaka 1940. Asubuhi yenye anga safi vilele vya Mlima Kenya huonekana toka mlangoni pao, wala hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyepata kuukanyaga.

Jioni moja, walipokuwa wakila, nyanya alinena jambo. "Nimeutazama mlima huu tangu nilipofumbua macho," alisema. "Ningependa niuone kwa karibu kabla hayajafumba." Mwanawe alinyamaza kidogo, kisha akaahidi kwamba wote watakwenda mandari hata Ziwa Ellis, ambalo motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne yaweza kulikaribia kwa upande wa Chogoria, ili mzee asitembee mbali.

Neno lile la nyanya lilikuwa na asili yake. Alizaliwa vijijini kusini mwa mlima, katika nchi ambayo leo ni Kirinyaga. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na baadaye watu wa vijiji vile walilazimishwa kuchimba mtaro kando ya msitu, wenye urefu wa maili 50 hivi, ili wapiganaji waliokuwa ndani wasipate chakula kutoka kwa ndugu zao. Chini ya mtaro ilichomekwa mianzi iliyochongwa ncha. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa waume wao wengi walikuwa kizuizini. Mamaye nyanya alikuwa mmojawapo, na nyanya mwenyewe, angali msichana mdogo, alibeba udongo kwa kikapu. Msitu ukawa mahali palipokatazwa, na mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Hali ya Hatari iliondolewa mwaka 1960, na mtaro ukajaa udongo na majani. Lakini moyoni mwa nyanya haukujaa.

Kabla ya safari mama alimpeleka nyanya kwa daktari. Daktari alimpima moyo na damu, akaridhika, akampa ruhusa kwa sharti moja: jamaa yote ilale usiku mmoja karibu na lango la hifadhi, ambalo liko mita 2,950 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha waende ziwani kesho yake. Alieleza kwamba mwili wa mwanadamu unahitaji muda wa kuizoea hewa ya juu, na kwamba asiyeupa muda huo huadhibiwa.

Baba hakulipenda shauri hilo. Alihesabu gharama ya kulala, akahesabu na kazi zilizomngoja karakanani, akaamua kwamba watakwenda na kurudi siku moja. "Baba watoto," mama alimwambia kwa upole, "daktari amesema tulale." Naye akajibu, "Mama atakaa ndani ya motokaa. Sisi wengine tu wazima, tuna hofu ya nini?" Mama hakushindana naye mbele ya watoto.

Waliondoka kabla ya mapambazuko. Kikapuni mlikuwa na chapati, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, nduma na ndizi, pamoja na jiko dogo la gesi na sufuria ya chai. Langoni walilipa ada, na askari wa hifadhi akawapa maagizo yake. Wasiwashe moto wa kuni, wasiache takataka, wasing'oe hata ua. Mwisho akasema, "Na mtu akiumwa kichwa, shukeni. Msingoje." Baba aliitikia kwa kichwa, huku mkono wake uko kwenye gia.

Njia ya mlima huo ni kama kitabu, na kila mwinuko una ukurasa wake. Kwanza ni msitu wa miti mikubwa, makao ya tembo na nyati. Halafu inakuja mianzi, imesongamana hata mwanga wa jua hugeuka kijani. Juu ya mianzi kuna miti yenye magome mekundu na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Mwisho miti hukoma, na nchi ya nyasi hufunguka yenye upepo na baridi. Walipokuwa katikati ya mianzi nyanya alikaa wima kitini, asiseme neno mpaka ilipokwisha. Ndipo aliponena polepole, "Hii ndiyo tuliyokuwa tukiichonga." Watoto walimtazama, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ziwa Ellis limelala katika nchi hiyo ya nyasi, yapata mita 3,450 juu ya bahari. Maji yake ni baridi na ukingo wake ni tope, nyasi na mawe. Upande wa magharibi vilele vilikuwa vingali wazi, Batian wa mita 5,199 akiwa mkuu wao, kwa maana mawingu ya mlima huo kwa kawaida hungoja adhuhuri. Nyanya alishuka garini mwenyewe akiegemea mkongojo, akaenda hatua kwa hatua hata ukingoni. Alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba katika utoto wake weupe ule ulikuwa mpana zaidi. Wala hakukosea: barafu za Mlima Kenya zimekuwa zikipungua kwa zaidi ya miaka 100, na zile zilizosalia ni vipande vidogo tu.

Kifungua mimba, kijana wa miaka 16, ndiye mkimbiaji hodari wa skuli yake. Aliposhuka tu aliwaita wadogo zake washindane mbio kando ya ziwa, akawaacha mbali, akarudi akicheka huku akihema. Mama aliteleka chai. Maji yalichemka upesi, lakini chai haikukolea, kwa kuwa mahali pa juu namna ile maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mkeka ukatandikwa na chakula kikapangwa. Kijana akasukuma sahani yake pembeni.

Alisema kichwa kinamgonga. Baada ya dakika chache alitapika, kisha akajilaza mkekani, asitake kusemeshwa. "Ni uchovu wa njia," alisema baba. "Akinywa chai atapona." Chai aliyopewa nayo ikarudi. Baba alitazama chakula, akatazama ziwa, akasema wangoje saa moja tu, kwa maana wametoka mbali.

Kilichompata kijana si ajabu. Penye mwinuko huo kila pumzi ya mtu ina hewa ya uhai yapata theluthi mbili tu ya ile apatayo pwani. Jamaa ile ilikuwa imepanda zaidi ya mita 1,500 kwa asubuhi moja. Ugonjwa wa mlima haumchagui mzee na kumwacha kijana, wala haujali nguvu za misuli. Na mwenye nguvu huenda akaumia zaidi, kwa kuwa ndiye akimbiaye. Ukipuuzwa waweza kujaza maji mapafuni au kuvimbisha ubongo, na hapo mtu hufa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Nyanya aliyasikia maneno ya mwanawe. Alirudi toka ukingoni, akasimama mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "ziwa nimeliona. Zamani palikuwa na watu wenye bunduki waliotuzuia tusipande. Leo hakuna wa kutuzuia tusishuke, ila wewe."

Baba hakujibu. Aliinama, akamwinua kijana, akamchukua mpaka garini. Mama alikuwa amekwisha kuukunja mkeka, na watoto wadogo walifunga chakula pasipo kuambiwa. Nyanya hakukaa ukingoni mwa ziwa hata robo saa.

Walishuka polepole, madirisha yakiwa wazi. Walipolipita lango kijana alifumbua macho. Walipoiacha mianzi nyuma alisema kichwa kimepungua. Na walipofika ukingoni mwa msitu, mahali mashamba ya majani chai yanapoanzia, aliuliza kama kuku bado yuko. Wote wakacheka, hata baba, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Basi mandari ililiwa hapo, mkeka ukiwa umetandikwa kando ya njia, msitu nyuma yao na mashamba mbele yao. Kijana alikula chapati tatu. Nyanya alikaa akiutazama mpaka ule wa miti na shamba, akawaeleza wajukuu wake habari za mtaro, upana wake, kina chake, na jinsi mamaye alivyoimba ili asilie. Alieleza kwa utulivu, kama mtu atoaye mzigo uliokaa kichwani siku nyingi. Baba, ambaye alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo yote, alisahau kula.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na wengi huitumia mithali hiyo kuwacheka walioanguka. Lakini kushuka si kuanguka. Baba mwenyewe amekwisha kuweka akiba ya kulipia usiku mmoja karibu na lango, kama daktari alivyoagiza, naye husema ataendesha pole. Nyanya humwambia asiwe na haraka, kwa kuwa ziwa halihami. Na asubuhi yenye anga safi huwaita watoto wa jirani mlangoni, akawaonyesha kwa mkongojo, upande wa kulia wa vilele, mahali ziwa lilipo.