Mayai Sita ya Bata wa Bwawani



Ndugu wasomaji, sisi wakazi wa Newala hatuna mazoea na bata wa majini. Ardhi ya uwanda wetu wa Makonde ni ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini, hayatuami. Wazee wetu waliteremka bondeni kuyachota, mpaka miaka ya 1950 ulipojengwa mradi wa kuyapandisha kwa mitambo. Bata hao wako huko chini, kwenye mabwawa yenye mayungiyungi.

Mwaka mmoja, baada ya masika, tulifuatana na baadhi ya wanafunzi kwenda Masasi kutembelea jamaa. Kabla ya Adhuhuri vijana walikimbilia bwawani, wakarudi na mayai sita ya rangi ya kahawia, makubwa kuliko ya kuku. Wakauliza, "Ustaadhi, mayai ya bata ni halali?" Nasi, huku tunatafuta mkeka wa kuswalia, tukajibu upesi kwamba bata ni halali na mayai yake ni halali. Manne yakachemshwa. Mawili yalibaki kwa sababu sufuria ilikuwa ndogo.

Alasiri tulikwenda bwawani kutawadha. Katikati ya matete kulikuwa na kiota, na juu yake ndege amekaa. Alikuwa bata mgongo-mweupe, ambaye wataalamu humwita Thalassornis leuconotus. Ni mdogo, hafiki kilo moja, mwili wake una michirizi ya kahawia na nyeusi, na pembeni mwa mdomo ana baka jeupe. Mgongo mweupe wenyewe huuoni mpaka aruke. Akiwa majini huelea chini chini, mgongo umebinuka, ukadhani ni kisiki. Miguu yake imewekwa nyuma sana, kwa hiyo nchi kavu hutembea kwa taabu (msimfananishe na bata wetu wa uani), lakini katika kupiga mbizi, Subhanallah! Huko chini ndiko anakopata mbegu za mayungiyungi na chakula kingine.

Alipotuona aliteleza majini akazama. Kijana mmoja alitoa tasbihi akaanza kuhesabu. Alifika Subhanallah ya 24 ndipo ndege akaibuka mbali, upande mwingine kabisa. Tukarudi nyuma tukanyamaza. Baada ya muda alirejea, akapanda kiotani, akajipanga vizuri na kulalia pasipo na kitu.

Vitabu vya ndege vinaeleza kwamba kwa bata huyu dume hushiriki kulalia mayai, tena mara nyingi kuliko jike, karibu mwezi mzima. Kwa macho dume na jike hawatofautiani sana. Huenda yule alikuwa baba.

Vijana walituangalia sisi. Tukakumbuka hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliyoipokea Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishiwe. Hadithi hiyo tumeisomesha miaka mingi. Mchana ule wanafunzi walituuliza kuhusu kula tu, nasi hatukuwauliza wameyatoa wapi.

Aliyeyachukua alikunja suruali, akaingia majini hadi kiunoni, akayarudisha yale mawili. Ndege hakurudi tukiwepo. Maghrib ilikaribia, na gari la Newala halingojei mtu.

Wiki tatu baadaye mwenyeji wetu alipiga simu kwa shughuli nyingine, na mwisho akasema kwamba amemwona bata akipita kati ya mayungiyungi na kifaranga mmoja. Tuliwapa vijana habari hiyo darasani. Walifurahi sana, isipokuwa yule aliyeingia majini. Yeye aliuliza, "Mmoja tu, Ustaadhi?"