Nilihesabu yadi, nikasahau hatua

Kila mwezi wa nane ukifika, mimi hushikwa na ugonjwa wangu. Wenzangu hapa Nairobi wanabishana kuhusu ligi ya Uingereza, nani amenunuliwa na nani ameuzwa, nami ninatazama wanaume watano wanene wakisukumana huko Marekani. Ndiyo, ninasema ile kandanda ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai. Subiri, usiondoke bado! Sitaki kuwafundisha sheria zote za mchezo ule. Nataka kuwasimulia kosa nililofanya mwaka 2006, kosa la mtu wa tarakilishi hasa, ambalo lilinifunza zaidi ya vitabu vyote vya programu nilivyowahi kununua.

Mdogo wangu alikuwa akisoma Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Kule, usiposhabikia Green Bay Packers watu wanakuangalia kama mgonjwa. Aliambukizwa, naye akaniambukiza kwa simu. Tatizo langu lilikuwa picha. Wakati huo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti; nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Ukijaribu kufungua video ofisini, ungeenda kunywa chai, ukarudi, ukute bado inajivuta. Nilichoweza kupata ni maandishi tu: kila shambulio mstari mmoja, nani alikimbia, upande gani, alipata yadi ngapi. Kwa mtu anayependa namba, hayo yalitosha. Nilidhani yalitosha.

Haya basi, mwaka 2006 kulikuwa na nini?

Packers walikuwa wametoka katika msimu mbaya wa 2005: ushindi 4, kushindwa 12. Kocha Mike Sherman akafutwa, na Januari 2006 akaja Mike McCarthy. McCarthy akamleta Jeff Jagodzinski kutoka Atlanta asimamie mashambulizi, na Jagodzinski akaja na mfumo mpya wa kuzuia. Hapo ndipo penye kisa.

Mbele ya mrusha mpira husimama watu watano. Hawashiki mpira, hawafungi, na kamera haiwafuati. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani ili mkimbiaji apate njia. Katika mtindo wa zamani, kila mmoja hupewa mtu wake: wewe mchukue yule, mimi huyu, na fulani atoke mahali pake azunguke kwenda kumfagia yule wa tatu. Packers walikuwa hodari wa mtindo huo. Mwaka 2003 mkimbiaji wao Ahman Green alipata yadi 1,883, rekodi ya klabu, huku Mike Wahle na Marco Rivera wakimfungulia njia. Lakini mwaka 2005 wote wawili walihamia timu nyingine, na pengo lao likaonekana.

Mfumo mpya ni wa kuzuia kwa kanda. Hapa hupewi mtu, unapewa eneo. Mpira ukianza, wote watano wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja. Ukikuta mpinzani katika eneo lako, ni wako. Usipokuta mtu, unamsaidia jirani yako kumsukuma wa kwake, halafu mmoja wenu anaachia na kupanda juu kumfuata mlinzi wa safu ya pili. Nani anaachia? Haijulikani mapema. Inategemea mpinzani ameegemea upande gani. Naye mkimbiaji hana njia aliyopangiwa. Anasoma ukuta unavyosogea, anakata mara moja tu, anaingia. Hakuna kucheza dansi pale nyuma.

Mtaalamu wa programu ataelewa haraka. Mtindo wa zamani ni kama kuandika kila jibu kwa mkono wako. Mtindo mpya ni masharti: ikiwa hivi, fanya vile, la sivyo, fanya hivi. Unaweza mengi zaidi kwa maandishi machache, lakini sharti moja likikosewa, yote yanaanguka pamoja.

Mfumo huu haukuwa ndoto. Alex Gibbs aliusimamia Denver kuanzia 1995, na Terrell Davis, aliyechaguliwa katika raundi ya sita, akapata yadi 2,008 mwaka 1998. Davis alipoumia, Olandis Gary akapata 1,159 mwaka 1999. Gary naye alipoumia, Mike Anderson, mtu mwingine wa raundi ya sita, akapata 1,487 mwaka 2000. Wakimbiaji wanabadilika, yadi zinabaki! Na mashabiki wa Packers waliujua uchungu wa mfumo huo: Januari 1998 Denver iliwafunga 31-24 katika fainali ya Super Bowl, Davis akiwakimbilia yadi 157.

Sasa turudi kwangu. Niliandika programu ndogo kwa Perl, ikasoma ile mistari ya mechi za kujipima nguvu na kuipanga katika jedwali. Nilitumia kanuni inayojulikana kwa wachambuzi: jaribio la kwanza limefaulu likipata asilimia 40 ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 60, la tatu na la nne lazima zote. Tena, kwa kuwaiga Football Outsiders, tovuti aliyoianzisha Aaron Schatz mwaka 2003, nilijaribu kutenganisha kazi ya safu na kazi ya mkimbiaji. Kwa kanuni yao, yadi chache za mwanzo ni sifa ya wazuiaji, za katikati wanagawana na mkimbiaji, na zile za mbali ni zake peke yake. Hasara hupewa uzito zaidi, kwa sababu mkimbiaji akikamatwa nyuma ya mstari, mara nyingi kuna mtu mbele aliyelala.

Jedwali likatoka. Lilikuwa baya. Safu ilikuwa na vijana wapya watatu waliochaguliwa mwaka huohuo: Daryn Colledge wa raundi ya pili, Jason Spitz wa raundi ya tatu na Tony Moll wa raundi ya tano. Nikamwandikia mdogo wangu barua pepe ndefu kama risala ya harusi, yenye majedwali, nikimhakikishia kwamba mfumo umeshindwa na kwamba huyo Colledge hafai. Alinijibu kwa mistari miwili:

"Kaka, wewe unahesabu yadi. Mimi ninaangalia miguu yao. Wiki hii wamepiga hatua pamoja mara nyingi kuliko wiki iliyopita."

Nilicheka. Miguu? Miguu ina namba gani?

Mechi ya kwanza ya msimu, tarehe 10 Septemba 2006, Chicago waliwafunga 26-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Brett Favre, katika miaka yake yote, kumaliza mechi timu yake ikiwa haina hata pointi moja. Nilimpigia simu mdogo wangu kumkoga, na dakika za simu za kimataifa mnajua zilikuwa ghali kiasi gani. Novemba wakafungwa na New England 35-0. Nikajiona nabii.

Kisha wakashinda mechi nne za mwisho mfululizo, ya mwisho kabisa dhidi ya haohao Chicago, 26-7, tarehe 31 Desemba. Wakamaliza 8-8, na Ahman Green, aliyekuwa ameumia vibaya mwaka uliotangulia, akapita yadi 1,000. Jagodzinski aliondoka kwenda kufundisha Boston College, lakini mfumo ukabaki. Mwaka 2007 walishinda mechi 13. Mkimbiaji wao alikuwa Ryan Grant, waliyempata kutoka Giants kwa kubadilishana na nafasi ya raundi ya sita, naye Januari 2008, katika theluji, aliwakimbilia Seattle yadi 201 baada ya kuangusha mpira mara mbili mwanzoni. Na Colledge, yule niliyesema hafai? Februari 2011 Packers walipowashinda Pittsburgh 31-25 na kutwaa Super Bowl, yeye alikuwa katika safu iliyoanza.

Kosa la programu yangu lilikuwa wapi? Nimelitafakari sana. Hesabu zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kabla ya hesabu.

Kwanza, sampuli. Enzi hizo timu zilicheza mechi nne za kujipima nguvu (tangu 2021 ni tatu). Wachezaji wa kwanza waligusa uwanja kidogo katika mechi ya kwanza, wakazidisha katika ya tatu, na ya nne wakaketi. Programu yangu haikujua nani yuko uwanjani. Ilichanganya safu ya kwanza na watu ambao wiki mbili baadaye hawakuwa na kazi.

Pili, mechi zile si mtihani wa kushinda. Kocha anaficha mbinu zake. Anaweza kuita shambulio lilelile mara tano, si kwa sababu linafaa, bali kwa sababu anataka kijana wa miaka 22 alirudie.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yadi ni matokeo ya watu kumi na mmoja. Wazuiaji wanne wakipiga hatua sawasawa na mmoja akachelewa, matokeo ni hasara ya yadi 2. Wote watano wakikosea, matokeo pia ni hasara ya yadi 2. Kwenye jedwali langu mashambulio hayo mawili yalikuwa ndugu pacha. Kwa aliyekuwa akitazama, la kwanza ni safu inayokaribia kufika, na la pili ni safu iliyopotea.

Siku hizi intaneti yetu si ile ya kujivuta, na tangu 2012 ligi imewafungulia mashabiki zile picha za makocha zinazoonyesha wachezaji wote 22. Kwa hiyo nikitaka kupima safu yenye mfumo mpya mwezi wa nane, haya ndiyo ninayoangalia:

1. Hatua ya kwanza. Je, miguu mitano inaondoka pamoja, upande mmoja, kwa pembe moja?
2. Kuachiana. Wawili wakimsukuma mmoja, je, mmoja anapanda juu kwa wakati, au wote wanang'ang'ania, au wote wanaachia?
3. Upande wa nyuma. Wale walio mbali na mpira wanawazuia wanaofukuza, au wanasimama kutazama?
4. Mkimbiaji anakata mara ngapi? Akikata mara tatu bado haamini ukuta wake.
5. Kosa ni lilelile au jipya? Kosa linalobadilika kila wiki ni dalili ya mtu anayejifunza. Lilelile kila wiki ni dalili ya kuogopesha.

Yadi huja baadaye. Sizipuuzi, lakini siziachii zitoe hukumu peke yake.

Sasa nimalizie na sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Mwaka huohuo wa 2006, mwezi huohuo wa nane, nilikuwa nasimamia waandishi wa programu wachache katika kampuni moja hapa mjini. Tulikuwa tunahamisha mfumo wa zamani wa stoo kwenda mpya. Kijana mmoja alikuwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Wiki ya tatu mkubwa wangu akaniomba maoni. Nikafanya nilichokijua: jedwali. Kazi alizomaliza, hitilafu zilizoripotiwa. Jedwali lake lilikuwa baya. Nikaandika kwamba asiongezewe muda, na hakuongezewa. Alinipa mkono, akasema, "Asante, mkubwa," akaenda na begi lake.

Mwaka uliofuata nilifungua sehemu aliyoandika ili nirekebishe kitu. Hakukuwa na cha kurekebisha. Ilikuwa ndiyo msingi ambao sisi wengine wote tulijengea. Hitilafu zilizoandikwa kwa jina lake nyingi zilitoka katika sehemu zetu za zamani. Yeye alikuwa wa kwanza kuzigusa, basi zikahesabiwa zake. Na nilipoangalia tarehe, niliona kila wiki makosa yake yalikuwa mapya na madogo zaidi. Yote hayo yalikuwepo siku ile nilipoandika hukumu. Sikuwa nimefungua hata faili moja.

Nilimtafuta. Nilipompata nikamwambia ukweli, kwamba nilimpima vibaya, na nikajitolea kumwandikia barua ya mapendekezo. Alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Nashukuru umesema," akajibu. "Lakini nilishapata kazi. Ilichukua miezi saba."

Miezi saba. Hiyo ndiyo namba ninayoikumbuka kila mwezi wa nane, ninapoketi kutazama vijana wapya wakijaribu kupiga hatua pamoja.