Kiu Isiyokatika

Enzi hizo, kila aliyeniona nikinywa alisema ni kisukari. Sukari ikapimwa, ikarudiwa, haikuonekana. Nami niliendelea kushusha maji ya barafu, lita kumi na zaidi kwa siku, na usiku silali kwa kwenda msalani.

Kilichofumbua fumbo ni kipimo cha kunyimwa maji. Tangu alfajiri hunywi kitu. Kila saa unapanda mizani, na mkojo unapimwa wingi wake na uzito wake. Muuguzi alifunga hata bomba la msalani, maana wagonjwa wa aina yetu wakizidiwa hunywa popote. Hadi adhuhuri kilo zilikuwa zikipungua na mkojo bado mweupe kama maji ya bomba. Ndipo nikapewa desmopresini, homoni ya maabara inayoiga vasopresini, ile ambayo hutoka kwenye tezi ya pituitari kuziamuru figo zirudishe maji mwilini. Kabla ya magharibi mkojo ulikuwa mchache na wa njano. Figo zilikuwa nzima. Amri ndiyo haikuwa ikizifikia.

Dawa yenyewe wakati ule niliipuliza puani kwa mrija mwembamba. Mafua yakinibana, dozi imepotea. Tena ilitaka friji, na mgawo wa umeme wa 2006 ulinijulisha kila mwenye jenereta mtaani. Vidonge vilipopatikana, adha hiyo ikaisha.

Mazoea ndiyo yaliyochelewa. Figo zilitii siku ileile, mkono ukaendelea kutafuta bilauri. Ukiwa na dawa mwilini maji hayana pa kutokea: sodiamu inashuka kwenye damu, kichwa kinagonga, ikizidi ni degedege. Daktari akanifundisha kukichelewesha kidonge mara moja kwa wiki, hadi mkojo ufunguke, ndipo nimeze.

Kwa sababu hiyohiyo, wanaokunywa kupindukia ilhali vasopresini yao ni nzima hawafai kupewa dawa yangu. Wao huambiwa wajizuie, ushauri wa mtu asiyewahi kuijua kiu. Mwaka 2021 watafiti wa Basel, Uswisi, walitangaza matokeo ya kuwajaribia wagonjwa 34 wa namna hiyo dulaglutidi, dawa ya kisukari inayoiga homoni ya utumbo. Kila mmoja alitumia dawa wiki 3 na dawa bandia wiki 3, bila kujua ipi ni ipi. Katika saa 8 za uangalizi, waliokuwa kwenye dawa walipunguza karibu nusu lita. Ni bilauri mbili hivi: haba kwa mnywaji wa kupindukia, lakini zimepungua bila mtu kukemewa.