Ukimya Haukatiwi Rufaa

Jioni moja mwishoni mwa Juni nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi katika halmashauri moja ya wilaya. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za nyumbani, alifika kwenye jambo lililomsumbua. Wenzake watatu walioajiriwa siku moja naye, kwa kada ileile, walikuwa wamepata barua za kupandishwa daraja. Yeye hakupata. Alipokwenda kwa afisa utumishi aliambiwa asubiri, suala lake linafanyiwa kazi. Alikuwa amesubiri miezi minane. "Mwalimu," akaniuliza, "nikate rufaa wapi?"

Nafundisha mambo ya utawala, hivyo jibu la kisheria lilikuwa mdomoni tayari. Hata hivyo nilisita. Niliwahi kuwa mahali alipo yeye. Na, jambo ambalo silisemi mara nyingi, niliwahi pia kuwa yule anayemwambia mwenzake asubiri.

Kabla ya kuja chuoni nilifanya kazi katika taasisi moja ya umma. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa kisa hiki kingeweza kutokea popote. Niliingia kazini mwaka mmoja baada ya Serikali kuanzisha, Julai 2004, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Upimaji wa Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliuzoea kwa jina la OPRAS. Zamani mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri juu ya mtumishi, ikafungwa na kupelekwa juu, na mwenyewe asijue ameandikwa nini. Mfumo mpya ulikuja kuiondoa siri hiyo. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja mwanzoni mwa mwaka wa fedha na kuafikiana malengo, kuyapitia katikati ya mwaka, kisha kupimana Juni. Kila mmoja alitoa alama yake, halafu wakaafikiana alama ya pamoja: 1 ikiwa bora kabisa na 5 ikiwa mbaya kabisa. Fomu yenyewe ilikuwa na nafasi ya maoni ya anayepimwa, na hata ya mwangalizi, iwapo yupo.

Yaani sheria ya mchezo ilikuwa mazungumzo. Katika miaka yangu ya mwanzo mazungumzo hayo hayakufanyika hata mara moja. Fomu zilikuja wiki ya mwisho ya Juni, tukajaza malengo na matokeo kwa siku moja, kana kwamba mtu anaweza kupanga safari baada ya kufika. Mwaka wa tatu msimamizi wangu alinipa 3 katika kila kipengele. Mimi nilikuwa nimejipa 2, tena kwa vielelezo. Nikaandika kwenye nafasi ya maoni kwamba sikubaliani, na sababu zangu. Alipoisoma hakukasirika. Alisema kwa upole kabisa, "Kijana, unaniharibia fomu." Akafungua droo, akatoa fomu nyingine safi. Nikaijaza upya, nafasi ya maoni nikaiacha tupu, nikasaini.

Miaka miwili baadaye orodha ya waliopandishwa ilitoka, nami sikuwamo. Sababu niliigundua masjala, kwa bahati tu. Kwenye tange, ile orodha inayowapanga watumishi kwa ukubwa wao kazini, tarehe yangu ya kuajiriwa ilikuwa imenakiliwa vibaya. Nilionekana mdogo kazini kwa miaka miwili. Hakuna aliyenikusudia ubaya. Mtu alinakili tarakimu vibaya, na hakuna aliyeniita nihakiki taarifa zangu.

Niliandika barua kupitia kwa msimamizi wangu. Haikujibiwa. Niliandika ya pili, nayo haikujibiwa. Nikaanza kuandaa rufaa, kurasa nne zenye hasira. Kabla ya kuituma nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa mwakilishi wetu katika chama cha wafanyakazi. Alisoma yote, akaikunja, akauliza, "Unakata rufaa dhidi ya nini? Uamuzi uko wapi?"

Sikuwa nao. Sikuwahi kunyimwa daraja. Nilikuwa nimesahauliwa tu. Mzee yule alinifundisha kuandika barua ya tatu, yenye aya mbili. Ilieleza kosa la tarehe, ikaambatanishwa nakala ya barua yangu ya ajira, kisha ikaomba jambo moja: nijulishwe kwa maandishi, kabla ya tarehe fulani, iwapo ombi langu la marekebisho limekubaliwa au limekataliwa, na kwa sababu gani. Niliipeleka mwenyewe masjala na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kosa lilirekebishwa na nikapandishwa mwaka uliofuata. Miaka iliyopotea haikurudi.

Tangu siku hiyo nimeitazama sheria yetu kwa jicho jingine. Milango ipo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliunda Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo hupokea rufaa na malalamiko ya watumishi. Aliyeadhibiwa kinidhamu ana siku 45 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi. Kifungu cha 32A, kilichoongezwa mwaka 2016, kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kukimbilia nafuu zilizo katika sheria za kazi. Lakini milango hiyo hufunguliwa kwa karatasi. Aliyefukuzwa kazi ana barua mkononi, na siku zake zinahesabika. Aliyesahauliwa hana barua, na siku zake hazianzi kuhesabiwa kamwe. Ukimya haukatiwi rufaa, na kwa hiyo ndio adhabu iliyo rahisi kuliko zote kwa anayeitoa, hata asipojua kwamba anaitoa.

Ukimya huo huwa mkubwa zaidi pale unapowakumba wengi. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisitishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, na si mimi wa kuutetea mshahara wa mtu asiyekuwapo. Lakini mwenye cheti halali naye alingoja. Miaka ikapita, hadi Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi upandishaji wa madaraja. Wapo waliostaafu katikati ya kungoja huko, na pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara. Daraja lililochelewa humfuata mtu mpaka uzeeni.

Sasa nifike kwenye lile nisilolisema mara nyingi. Baadaye niliteuliwa mkuu wa kitengo chenye watumishi tisa. Juni ya mwaka wa pili nilikuwa na taarifa ya bajeti ya kukamilisha, na fomu tisa mezani. Nilizimaliza jioni moja. Wote niliwapa 3. Atakayekaa kwenye kiti kile atagundua utamu wa alama hiyo: 1 inataka maelezo, 5 inataka maelezo, ila 3 haitaki chochote. Haimuudhi mtu, wala haimwinui mtu.

Mmoja wao alikuwa mama aliyepokea majalada yetu yakiwa yamerundikwa sakafuni, akayapanga upya mpaka jalada lolote likapatikana kwa dakika chache. Kesho yake aliingia ofisini, akaweka fomu mezani. "Nimeandika pale chini, mkuu. Utasoma ukipata nafasi." Aliandika yaleyale niliyoyaandika zamani, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Ningependa kusema niliona aibu. Kilichotangulia kilikuwa kero: fomu yangu imeharibiwa. Nilimwambia muda umekwisha, fomu zinaondoka kesho, mwakani tutarekebisha. Akaitikia, akatoka. Mwakani mimi nilikuwa nimehamia chuoni.

Sijui kama alipanda daraja. Ningeweza kuuliza miaka yote hii, na sikuuliza. Mara nyingi nimewasimulia wanafunzi kisa cha tarehe iliyonakiliwa vibaya, ambamo mimi ndiye niliyeonewa. Kisa cha fomu tisa nakiandika leo kwa mara ya kwanza.

Siku hizi fomu za karatasi zimeondoka na upimaji unafanyika kwenye mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, ulioanza kutumika katika mwaka wa fedha 2023/24. Lina faida zake. Kazi iliyoingizwa huacha alama, na hakuna droo ya kutolea fomu safi. Lakini mfumo hauwezi kumkalisha msimamizi mbele ya mtumishi wake wazungumze kwa nusu saa. Mtu mvivu wa kuzungumza, kama nilivyokuwa mimi, sasa anaweza kuwapima tisa kabla chai haijapoa.

Basi mwanafunzi wangu nilimjibu hivi. Usikate rufaa bado. Kusanya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na matokeo yako ya upimaji. Hakiki tarehe zako kwenye tange na kwenye mfumo. Andika barua fupi, uulize swali moja, utaje siku unayotarajia jibu, na nakala yako igongwe muhuri. Wakikukubalia, vema. Wakikukatalia, vema pia, maana utakuwa na uamuzi mkononi, na hapo mlango wa rufaa una kitasa.

Nikamwambia na la mwisho: siku moja fomu za wenzako zitakuwa mezani kwako. Alicheka, akasema hilo liko mbali sana. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa na umri wake.

Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe. Barua imepokelewa na muhuri umegongwa. Jibu bado.