Mwamba wa Tororo na Michoro ya Kakapel

Mgeni afikapo Tororo, mashariki ya Uganda, hulakiwa kwanza na mwamba mkubwa, mabaki ya volkano ya kale. Kilele chake kiko kadiri ya mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Apandaye hadi juu huuona Mlima Elgon, na nchi mbili zilizotandazwa kama shamba moja. Mpaka hauonekani. Hadi mwaka 1902, Waingereza waliihesabu Busia ya Kenya kuwa sehemu ya Uganda. Na Wateso wangali wakiishi pande zote mbili.

Akivuka Malaba na kuingia Kaunti ya Busia, mgeni hulikuta pango la Kakapel, lenye michoro myekundu na myeupe ya miduara na ng'ombe, mikongwe kuliko mpaka wenyewe. Humo wataalamu walifukua kunde ya miaka 2,300 hivi, kama walivyotangaza mwaka 2024. Kumbe kitoweo cha jioni kina historia ndefu!

Wazazi na wawapeleke watoto, lakini wawaonye: aandikaye jina lake ukutani hufuta kazi ya wahenga, wala hakuna fundi wa kuirudisha.